Magurudumu ya Treni ya Baba

Mota ilikuwa inazunguka, hilo nyumba nzima ililisikia. Magurudumu ndiyo yaliyogoma. Kichwa cha treni, kidogo kama kiatu cha mtoto, kilinguruma juu ya reli zake mezani, kando ya kitanda cha Baba, bila kusogea hata unywele.

Na Baba alikuwa amefunga mdomo.

Ujana wake wote Baba aliendesha treni za kweli. Tangu kiharusi kimwangushe, hasemi wala hamtambui mtu, na chakula hakigusi mpaka treni yake ya kuchezea izunguke. Ikizunguka, macho yanaifuata, mdomo unafunguka, kijiko kinaingia. Ilipokufa juzi, mdomo nao ukapigwa kufuli. Nesi aliyepita asubuhi hakuuma maneno: akirudi jioni akute mzee hajala, anampeleka hospitali kutiwa mpira wa kulishia puani. Mkewe alitoka nyumba hii hivyo hivyo, na hakurudi.

Kwa hiyo Kitinda, binti wa mwisho, alikuwa ameiacha cherehani yake na nguo za watu, amekipindua kichwa cha treni tumbo juu. Shemeji yake, ambaye mtaa mzima humwita Spika kwa ajili ya mdomo wake, alisimama nyuma yake na bakuli la uji.

"Shem, si ukipige kofi kidogo? Redio yangu huwa inaelewa."

"Kofi utalipata wewe," alifoka Shangazi kutoka kichwani mwa kitanda. "Mwache mtoto afanye kazi."

Mlangoni alikuwepo jirani, aliyekuja kuomba chumvi tangu asubuhi, akapewa, na bado hajaondoka.

Kitinda aliuona ugonjwa. Gia ya plastiki katikati ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, ilikuwa imepasuka kwa uzee. Mota iliizungusha, nayo ikateleza bila kukishika chuma hicho. Akachomoa gurudumu moja, akaitoa gia, akaizungushia shingoni uzi wa jinzi, akaupaka gundi na kuubana kwa meno ya kibano. Kazi safi. Akarudisha gia na gurudumu mahali pake na kuwasha.

Kichwa kilijivuta kidogo, kikachechemea, kikakwama. Ndipo alipogundua kosa lake. Yeye, ambaye hakati kitambaa bila kukipiga chaki, alikuwa amechomoa gurudumu bila kutia alama ya jinsi lilivyokaa. Vyuma vyembamba vya ubavuni, vinavyoyashikanisha magurudumu, vilikuwa vinapishana: upande huu magurudumu yanataka kwenda, upande ule yanakataa. Kabla mkono haujafika kwenye swichi, kitu kililia ndani. *Tak.* Gia ilikuwa vipande viwili.

"Imepona?" aliuliza jirani.

Spika alimwonyesha mlango kwa kijiko.

Kitinda alichukua sinia, akapanga vyuma vyote juu yake, akaenda kuketi kitandani, sinia likiwa juu ya miguu ya Baba. Machozi yalimdondoka kwenye bisibisi. Hakuwa na la kutengeneza tena, ila mikono haikujua kukaa. Ikachomoa gurudumu, ikaligeuza kidogo, ikalirudisha. Bado. Ikachomoa tena.

"Mungu wangu," alinong'ona Spika.

Baba alikuwa anaangalia sinia. Gurudumu lilipotoka kwenye ekseli, mdomo wake ulilegea. Spika akakitumbukiza kijiko, na uji ukashuka.

"Amekula!" Kitinda aliruka, akaweka bisibisi chini na kumshika Baba mashavu. "Baba! Umekula, Baba!"

Mdomo ukafungwa.

"We mtoto, huna akili?" Shangazi alimpiga begani. "Rudi kazini!"

"Shangazi, gia imekatika. Nitengeneze nini?"

"Nani kakuuliza gia? Tengeneza!"

Kitinda alitengeneza. Alifungua skrubu na kuzifunga, akayapiga brashi magurudumu yaliyokuwa safi tayari, akaviinua vile vyuma hadi kwenye mwanga na kuvikagua kwa jicho moja. Kijiko kiliingia, kikatoka. Baba alitafuna uji ambao hauna cha kutafuna. Nusu bakuli ilishuka. Halafu, kwa bahati iliyomchukia, gurudumu lilikaa sawasawa, na vyuma vya pande zote mbili vikaenda pamoja, laini kabisa, jinsi alivyovililia tangu asubuhi.

Baba akageuza uso ukutani.

Mlango wa nje uligongwa. "Hodi! Nimerudi," ilisikika sauti ya nesi.

Shangazi alimpokonya Spika bakuli. "Nenda kaongee naye. Ongea mpaka mate yakukauke."

Spika akatoka mbio, akimsukuma jirani mbele yake. Kitinda akalitazama lile gurudumu lililokaa sawa. Akalishika kwa kibano, akalichomoa.

"Baba," alisema, "bado linakataa hili. Hebu liangalie."