Sifuri ya Mama Nyawal

Nyagach alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na bado ikabaki. Alimdharau fundi aliyejenga nyumba ile ya Gurei, pembezoni mwa Juba, akaliweka sanduku la stima chumbani mwake, juu kidogo ya mto wa kulalia. Alimdharau mwenye nyumba, bahili asiye na haya, aliyeitundika nyumba nzima kwenye breka moja, ile swichi inayokata stima mzigo ukizidi. Alimdharau Josline, Mganda aliyepanga chumba cha mbele akakigeuza saluni, kwa kuwa Josline alicheka kwa sauti na wateja wake wakacheka naye. Lakini dharau iliyo bora, ile aliyoitunza kama nguo ya Krismasi, alimwekea Deng.

Deng alitaka kumwoa Nyawal, binti yake wa pekee. Kijana huyo alikulia Eldoret kama Nyawal alivyokulia Nakuru, wakarudi Juba wote wawili na Kiswahili chao kinywani, na sasa alikuwa akiuza na kufunga paneli za sola kwenye duka moja la soko la Konyo Konyo. Suruali zake zilimbana. Aliongea haraka haraka na mikono yake ikaongea pia. Kuhusu ng'ombe wa mahari, walikuwa kwa baba yake huko mashambani, na kila walipoulizwa, walikuwa njiani.

"Ng'ombe gani hao wanaotembea mwaka mzima hawafiki?" Nyagach alimuuliza binti yake. "Wanapitia Khartoum?"

"Mama, barabara ni mbaya. Unajua."

"Barabara ni mbaya kwa Deng peke yake. Wengine ng'ombe wao wanafika."

Nyawal alikuwa amejifunza kutojibu, na hilo nalo lilimuudhi mama yake, maana dharau isiyojibiwa haishibishi.

Kwa desturi yao, mama hakai kikao cha mahari. Wanaume hukaa nje, mama hukaa ndani nyuma ya pazia, na watu wote hujifanya kwamba hayupo. Ila mwishoni mzee wa familia humgeukia aliye nyuma ya pazia na kumuuliza kama ana neno. Akisema hana, mambo huendelea. Akilisema, na likawa baya, wageni hukunja viti vyao wakaenda zao. Kikao cha Nyawal kilikuwa Jumamosi. Santino, ndugu wa marehemu baba wa Nyawal, ndiye angekiongoza, na Nyagach alikuwa akilitafuta neno lake kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Kwamba kijana ni maskini halikutosha; Juba nzima ni maskini. Alitaka neno litakalomwonyesha kuwa hafai.

Stima ikampa.

Wiki ile breka ilikuwa ikianguka kila mara. Mtu anachemsha chai, tap, giza. Josline anawasha draya, tap. Na ndani ya friza kulikuwa na nyama ya mbuzi wawili wa wageni wa Jumamosi, nayo ilianza kulainika pembeni.

"Ni huyu Mganda," alisema Nyagach, akiwa amesimama mlangoni pa saluni ili Mganda mwenyewe asikie. "Draya yake inakula stima kama fisi."

Josline alitoa kichwa cha mteja kwenye beseni. "Mama Nyawal, mimi iko na draya moja tu. Wewe iko na friza, iko na pasi, iko na ile jiko ya stima unaficha chini ya meza. Kwa nini kila siku ni Josline?"

Nyagach alisonya, akaondoka. Jiko lile la stima hakulificha. Alilifunika tu kwa kanga, lisishike vumbi.

Nyawal akasema Deng anaweza kupima. Ana kipimo chenye mdomo unaofunguka kama koleo. Unakibana kwenye waya, hukati kitu, hufungui kitu, kinakwambia ni stima kiasi gani inayopita. Ikiwa ni nyingi kuliko breka inavyobeba, vitu vipunguzwe. Ikiwa si nyingi, breka yenyewe imechoka, ibadilishwe.

"Apime," alisema Nyagach, na moyoni akafurahi. "Tuuone huo ufundi."

Shida ikawa chumba. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, awepo asiwepo. Haoni kitanda chake, hasimami naye uso kwa uso, na wakikutana njiani mmoja wao hugeuka akatazama ukuta. Mwingine angemwita fundi wa nje apime. Nyagach hakutaka fundi wa nje. Alitaka Deng ashindwe. Basi ikaamuliwa hivi: Deng asimame nje, nyuma ya ukuta wa mabati, Nyawal asimame dirishani apeleke maneno huku na huku, na mwenye kushika kipimo ni Nyagach mwenyewe.

Alikipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa panya.

"Mwambie mama afungue mdomo, abane kwenye waya ya sanduku," sauti ya Deng ilitoka nyuma ya mabati. "Kisha washeni kila kitu; breka itavumilia dakika chache kabla ya kuanguka. Asiguse chuma chochote, tafadhali."

"Anasema ufungue mdomo, ubane—"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mabati hayazuii upuuzi."

Kutoka ukutani ulishuka mkanda mweupe mnene, na karibu na sanduku ukagawanyika kuwa waya mbili, nyekundu na nyeusi, zikaingia ndani kila moja na tundu lake. Nyagach akaubana ule mkanda mnene. Friza ilikuwa ikinguruma. Nyawal aliwasha jiko, pasi na jagi la kuchemshia chai, akamwambia Josline awashe draya.

"Inasoma ngapi?" aliuliza Deng.

Nyagach alitazama kioo kidogo. Akatabasamu tabasamu ambalo binti yake hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

"Sifuri," alisema. "Mwambie bwana fundi ni sifuri. Nyumba nzima inawaka na chombo chake kinasema hakuna stima. Labda nacho kiko njiani, kinakuja na ng'ombe."

Kisha Deng akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayekanyaga yai, "Mwambie mama... pengine ameshika waya zote mbili pamoja. Stima inaenda kwa moja, inarudi kwa nyingine. Ukizibana pamoja, zinafutana, kinaonyesha sifuri. Kosa ni langu, sikusema. Ashike moja tu, hiyo nyekundu."

Nyawal aliyarudia yale maneno, kila moja, bila kuinua macho.

Nyagach akatazama mkono wake. Ni kweli, mkanda wote ulikuwa mdomoni mwa kipimo. Damu ikampanda usoni. Kuambiwa amekosea na mvulana aliyejificha nyuma ya mabati! Akakihamisha kipimo kwenye waya nyekundu, akakibana. Tarakimu zikaruka, zikacheza, zikatulia: ishirini na saba. Kwenye breka palikuwa pameandikwa ishirini, kwa tarakimu kubwa, hata asiye na miwani angesoma. Akanyoosha mkono wa pili akazima jiko lake kando ya kitanda, na kipimo kikashuka mpaka kumi na nane mbele ya macho yake. Draya ya Josline bado ilikuwa ikivuma huko mbele.

Binti yake, pale dirishani, alikuwa akingoja. Aliona mgongo wa mama yake tu.

"Bado sifuri," alisema Nyagach.

"Umeshika moja, mama?"

"Unaniuliza mara mbili? Nimeshika moja. Sifuri."

Uongo ule ulimtoka mwepesi kuliko salamu. Alikifungua kipimo, akakizima, akakitupa kitandani. Nje, Deng alikuwa akikuna kichwa, na Nyagach alijua anakikuna ingawa hakumwona. Kijana angefanya nini? Hawezi kuingia. Hawezi kusema mama mkwe ni mwongo. Desturi ilikuwa imemfunga mikono na miguu, na Nyagach alisimama katikati ya chumba chake akaona raha.

"Kama mzigo si mwingi, basi ni breka," alisema Deng hatimaye. "Imechoka. Nitaleta mpya."

Akaileta kesho yake, mpya kabisa, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia alimtuma rafiki yake Okumu, ambaye si mkwe wa mtu. Okumu akaifunga huku anapiga mluzi. "Mimi iko nabadilisha tu," alisema, "kupima Deng alishapima." Nyawal akamwambia mama yake kwamba Deng amewaahidi wazee: Jumamosi stima haitaanguka.

"Vizuri," alisema Nyagach. Tangu hapo hakulitumia jiko lake. Alipika kwa makaa, asubuhi na jioni, na breka mpya ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Nyawal akamsifu Deng. Mama akamwacha amsifu.

Jumamosi wageni walikuja na jua lao. Wazee waliketi chini ya rakuba, kile kivuli cha magunia na nguzo kilichojengwa mbele ya nyumba, na feni mbili zikaelekezwa kwao. Soda zilikuwa baridi. Deng aliketi pembeni kabisa na mjomba wake, amevaa suruali pana ya kuazima, macho chini. Saluni ilikuwa imejaa, maana Jumamosi ni siku ya Josline. Nyawal alichemsha chai. Na Nyagach, wakati Santino ameanza kuzungumza juu ya ng'ombe, alitoa kanga juu ya jiko lake la stima, akaliwasha, akaweka sufuria tupu juu yake.

Haikuchukua muda. Tap.

Feni zikazunguka kwa uvivu, zikasimama. Saluni ikapiga kelele. Nyawal akakimbilia chumbani, akaipandisha breka. Tap. Akaipandisha tena. Tap. Nje mzee mmoja alicheka, na kicheko cha mzee mmoja chini ya rakuba ni ruhusa kwa wote.

"Huyu ndiye fundi?" alisema Santino. "Kijana, tumeambiwa wewe ndiye uliyeitengeneza hii stima. Umeshindwa na nyumba ya vyumba vitatu, utaweza mke?"

Wakacheka hadi vikombe vikagongana. Nyuma ya pazia, Nyagach aliketi kwenye kigoda na kukisikiliza kicheko kile kama muziki. Hakuhitaji hata kutafuta neno. Wamempa.

Ndipo akageuka akamwona Nyawal amesimama karibu na kitanda. Alikuwa amekiokota kipimo cha Deng, kilichobaki chumbani tangu siku ile. Aliipandisha breka mara ya tatu, upesi akabana waya nyekundu peke yake, akatazama kioo kabla stima haijakatika tena. Kisha akatazama jiko lililowaka chini ya sufuria isiyo na maji. Kisha mama yake.

Alikiweka kipimo chini taratibu, akapita mlango wa nyuma, na kupitia upenyo wa mabati Nyagach akamwona akimwita Deng kando kwa kidole na kumnong'oneza. Deng alisikiliza ameinamisha kichwa. Akauliza neno moja. Nyawal akaitikia kwa kichwa.

Sasa ataniumbua, aliwaza Nyagach, na akajikaza. Aje. Aseme mbele yao kwamba mama mkwe ni mwongo. Mkwe anayesema hivyo amejifukuza mwenyewe, na hakuna mzee atakayemtetea. Alikuwa na majibu tayari, makali, yamepangwa.

Deng alirudi chini ya rakuba. Hakuketi.

"Baba," alimwambia Santino, na mikono yake mara hii ilitulia, "kosa ni langu. Nilipima vibaya. Breka haikuwa mbovu. Mzigo ulikuwa mwingi na mimi sikuuona. Msiilaumu nyumba hii. Mimi ndiye sikujua kazi."

"Anasema hajui kazi!" mzee mwingine akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza. Mjomba wake Deng alijifuta uso kwa leso. Deng akabaki amesimama katikati yao, akichekwa, kama mtu anayenyeshewa akiwa hana pa kukimbilia, na hakugeuza macho hata mara moja kutazama upande wa pazia.

Nyagach akayatafuta yale majibu yake makali, asiyaone. Hakuna aliyemshambulia. Kijana ambaye yeye alimwita wa bure, wa sola, wa ng'ombe walio njiani, alikuwa amejua kila kitu, na amemfunika. Amemstahi. Nani alimwomba? Alitaka kumchukia kwa hilo pia, akajaribu kwa nguvu, lakini chuki ilikataa kwenda nje. Ilizunguka chumbani ikarudi ikamkalia yeye mwenyewe kifuani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kalas, tumecheka vya kutosha," alisema Santino, akijipangusa machozi. Akaligeukia pazia kama desturi inavyotaka. "Mama wa msichana. Umemsikia kwa kinywa chake. Una neno?"

Nyawal alikuwa kwenye mlango wa nyuma, amejishikilia mwimo. Kilichobakia kwa Nyagach ni kukaa kimya tu, na Santino angemaliza kazi.

"Ninalo," alisema. Sauti yake ilitoka kavu, ile ile ya kila siku ya kumtukania kila mtu. "Mnamcheka nani? Kijana alinielekeza vizuri. Kipimo nilikishika mimi. Niliiona ishirini na saba kwa macho yangu haya nikamwambia sifuri. Na jiko lililoangusha stima leo ni langu, nimeliwasha kwa makusudi, na juu yake kuna sufuria tupu. Kama mmekuja kucheka, mjinga wenu yuko huku ndani. Mcheke."

Akangoja. Alijua namna ya kuwajibu wakicheka, hilo angeliweza.

Hakuna aliyecheka. Santino alikohoa, akatazama chai yake. Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliomkuta mtu mzima uchi wakageuza nyuso, na katikati yao Deng naye alikuwa ametazama ukuta, kama mkwe.