Waya wa Kufungia Ndizi

Mimi nina ulimi mkali, na kiwandani kila mtu anajua. Ndiyo maana Papa Malachie, mwenye kiwanda chetu cha kukausha kahawa pale Butembo, alipotangaza kwamba anauza mashine, wanawake wote walinigeukia mimi nijibu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita vikiendelea. Mashine yenyewe ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na mota, na joto lake linatoka kwenye tanuru la kuni lililo nje, hatua sitini kutoka kwenye pipa. Mzee Syauswa, mchochea moto, hakuweza kuona joto la ndani. Alingoja mtu atoke mbio kumwambia. Mara mbili mbio hizo zilichelewa, na mara mbili kahawa iliungua. Sasa mnunuzi wa Kasindi angekuja Jumamosi na lori lake kuchukua mashine, na wanawake thelathini wanaochambua kahawa wangerudi nyumbani.

"Kyakimwa, we njo mufundi, sema kintu," alininong'oneza Mama Jokébed, mkubwa wa wachambuzi, kwa kuwa fundi wa kiwanda ni mimi.

Nikasema. Nilikuwa nimeshatengeneza kipima joto cha kuingiza ndani ya pipa, na kwa vipuri vya redio mbovu nilikuwa nimeunda kisanduku chenye sindano. Kilichokosekana ni waya wa kuviunganisha, ili sindano ikae mbele ya macho ya Syauswa. Nilimwomba Papa Malachie aningoje mpaka Jumamosi.

"Waya gani?"

"Ule wa kweli, wenye kufunikwa na chuma ndani, uko Kampala."

"Kampala hapana. Njia ni mubaya, na falanga hapana."

"Donc nitatafuta wa bei ya chini."

"Na ule wa bei ya chini utatumika?"

"Utatumika, papa," nikajibu, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Jumatano nikateremka Beni, kwa Vagheni, muuza vyuma na nyaya sokoni. Alinitandikia aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuwashia taa nyumbani, nene na ngumu, ukiikunja mara tatu inakatika. Ya pili ilikuwa nyembamba ya kengele, na ngozi yake iliyeyuka mara nilipoisogeza kwenye mbabula wake, jiko la makaa. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ulikuwa waya wa simu za askari, uliotupwa porini jeshi moja lilipokimbia, na watu wa Beni walikuwa wakiununua kuanikia nguo. Niliuuma, nikaukunja, nikauchoma. Haukusikia chochote. Bei yake ilikuwa ya kamba ya nguo, nami nikaupenda papo hapo.

"Mais ku barrière utafanya je?" Vagheni akauliza. "Baaskari bakikukuta na ile, batasema uko espion."

Alisema kweli. Askari yeyote wa kizuizini angeutambua kwa ule msokoto wake, na kunikamata kama jasusi. Kwa hiyo nikaketi nyuma ya kibanda chake, nikazitenganisha nyuzi mbili, mchana mzima, mpaka vidole vikauma. Kisha nikanunua mikungu kumi na miwili ya ndizi, nikaifunga yote kwa nyuzi hizo, raundi juu ya raundi. Nilijiona mwerevu kuliko Butembo nzima. Nilibakiza kipande kifupi tu chenye msokoto, nikafungia mkoba wangu.

Kesho yake, kwenye kizuizi, askari mmoja alisimamisha lori nililopanda, akaniita kwa Kilingala nimsogelee.

"Mama, yaka awa. Ile ni nini?"

"Ni bandizi, chef. Ya ndoa."

Aliinua mkungu mmoja, na fundo likalegea mkononi mwake. Niliogopa, naungama. Alilitazama lile fundo, akatikisa kichwa kwa huruma, akaning'iniza bunduki begani, akalifunga upya yeye mwenyewe kwa nguvu zake zote.

"Unafunga mubaya, mama. Bandizi zitaanguka ku njia."

Nilimshukuru mpaka lori likaondoka.

Ijumaa asubuhi nilinyoosha nyuzi zangu zikawa sawasawa, nikazipitisha juu ya vigingi vilevile vya waya wa mota, ili nisipoteze misumari. Papa Malachie hapendi msumari upotee. Tukawasha mota. Sindano ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena.

Syauswa aliutoa ukuni mmoja, akaurudisha, akautoa. Mwisho akaketi chini.

"Kyakimwa, ile sindano iko nacheza rumba. Sasa mie nimufwate nani?"

Akacheka, na wachambuzi waliotoka kutazama nao wakacheka. Nilikasirika vibaya sana. Nilimtukana Vagheni asiyekuwepo, nikaitukana redio, nikautupa mkoba wangu chini. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Mama Jokébed aliuokota ule mkoba. Ni mwanamke anayebeba mizigo kwa kamba ya kichwani tangu utoto, na kamba zake huzisokota mwenyewe. Alikigusa kile kipande nilichofungia, akatazama nyuzi zangu juu ya vigingi.

"Hii ni moja na ile?"

"Ni moja."

"Juu ya nini ulifungula kazi ya batu? Mutu alisokota hii na akili."

"Nilifungula juu ya baaskari, mama. Ile ni ya nguvu tu."

Nilipotamka hayo nikasikia aibu inanipanda masikioni. Haikuwa ya nguvu tu. Shuleni mwalimu alitufundisha, na mimi niliandika daftarini kwa wino mwekundu: mota inapiga kelele yake ya umeme ndani ya kila waya ulio karibu, lakini nyuzi mbili zikizungukana, kelele ya raundi moja inafutwa na raundi inayofuata. Askari walikuwa wanasikilizana kwa simu kando ya injini zao kwa sababu ya msokoto ule. Nami niliuharibu kwa mikono yangu, tena kwa majivuno, na kelele ya mota ikarusha sindano.

"Inatupasa tusokote tena," nikasema huku nikifuta machozi. "Zote. Leo."

"Sasa juu ya ile njo unalia?" Mama Jokébed akauliza, akavua viatu.

Walitoka thelathini. Walifunga ncha za nyuzi kwenye mti wa bendera, wakajipanga uani, kila mmoja na sehemu yake, wakazisokota juu ya mapaja kama wanavyosokota kamba zao, raundi zikilingana. Waliimba nyimbo za kanisani, Wakatoliki na Waprotestanti kila upande na zake, wakishindana. Mimi waliniondoa kwenye mstari kwa sababu raundi zangu zilikuwa kubwa mno. Kabla jua halijashuka kazi ilikwisha. Safari hii niliupitisha waya upande wa pili wa ukuta, mbali na wa mota, na nikapoteza misumari ishirini bila kuomba ruhusa.

Jumamosi alfajiri tulijaza pipa. Mota ikanguruma. Sindano ikatulia kwenye sifuri, kisha ikaanza kupanda polepole. Syauswa aliikodolea macho, akatoa kuni mbili, ikasimama. Alivua kofia.

"Wasingya, binti yangu," akanishukuru kwa Kinande chetu. Nikalia mbele ya watu wote, na sijali.

Mnunuzi wa Kasindi alifika adhuhuri. Papa Malachie alimmiminia kikombe cha kahawa iliyokaushwa siku ile ile, ikakaangwa na kutwangwa haraka na Mama Jokébed. Alikunywa, akaomba kingine.

"Machine iko wapi?" akauliza.

"Iko na kazi," Papa Malachie akajibu. "Mais lori yako iko wazi?"

Ilikuwa wazi. Iliondoka jioni, imejaa magunia ya kahawa yetu.