Bomba la Kutoka Mpepai

Jua la Lituhi, kando ya ziwa, lilipofika utosini, chumba cha baridi cha akina mama wauza samaki kilizima tena. Samaki aina ya mbasa walikuwa wamejaa ndani, na gari la Songea halingefika kabla ya jioni.

Flavia, msimamizi wake, alijua sababu: feni ya nje ilivuta hewa ya moto kwenye rejeta ya mashine ya baridi, joto la ndani likakosa pa kutokea. Masomo ya jioni yalimfundisha kwamba maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Akatundika gunia la katani mbele ya rejeta, akamwomba shemeji yake Joakim apulizie maji hapo kwa bomba la mgongoni alilokuja nalo kutoka shambani Mpepai.

"Leo unaogesha mashine," mama mkwe wake, Kalista, akamtania. "Kesho utaipaka mafuta."

"Subiri, mama."

Mashine ikaguna, ikashika, ikanguruma. Mbele ya gunia pakawa na ubaridi mtamu. Kalista akavuta mkeka, akaketi papo hapo penye manyunyu, mjukuu wake Pankras mapajani. "Kumbe shule inalipa," akasema.

Flavia akaingia kutazama samaki. Alipotoka, mtoto alikuwa ananyonya kidole kilicholowa. Fulana yake nyeupe ilikuwa na madoa ya buluu.

Damu ikamganda. "Joakim, bomba hili mlipulizia nini?"

"Mrututu, shemeji. Ile dawa ya buluu ya kahawa. Lakini nililisuuza."

"Vizuri?"

Joakim akalivua bomba mgongoni.

Flavia akamnyakua mwanawe, akamwosha mdomo na mikono, akakimbia naye zahanati. Hakusikia kitu njiani ila pumzi ya mtoto. Bomba alilitaka yeye. Na yeye ndiye hakuuliza.

Muuguzi alimpima Pankras, akamchungulia kinywani. "Hajatapika? Basi mnyonyeshe, nimwangalie." Mtoto alilishika titi kwa pupa, na jua lilipoinamia ziwa muuguzi akawaruhusu.

Flavia alikwisha kuwazika samaki wale moyoni. Lakini alipokaribia chumba cha baridi, akasikia mngurumo. Bomba lilikuwa limetupwa kando, gunia lilikuwa jingine, na Kalista, ameloa chepechepe, alikuwa akichovya kitawi kwenye ndoo na kulinyunyizia gunia kama padre siku ya Matawi.

Akageuka. Kitawi kikamdondoka.

"Mzima?"

"Mzima, mama."

Kalista akanyoosha mikono ampokee, kisha akairudisha haraka.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza ninawe."