Miwani Aliyoishona Mama

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na moja, na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Shida yenyewe ilianzia hapo. Hao wawili walipendana kuliko alivyotaka yeye.

Binti walimwita Maswali, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuridhika na jibu la kwanza. Kwa mama yake alipata majibu machache. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa cha kushonea, cherehani iko dirishani, na kutwa nzima Fundi alikuwa amebana pini mdomoni. Ukimuuliza kitu anakwambia "mh". Sasa Mama mdogo, yeye alikuwa mkata tiketi kituo cha mabasi. Kazi yake ilikuwa kuulizwa. Basi linatoka saa ngapi, linapita wapi, choo kiko wapi, mbuzi analipiwa? Alikuwa na jibu la kila kitu, na asipokuwa nalo alilitafuta mpaka alipate.

Ndiye aliyeleta habari ya jua. Aliingia Jumamosi moja na ramani, akaikunjua juu ya meza ya kukatia, juu ya gauni la mteja, hata hodi hakumalizia.

"Dada, njoo uone! Mwezi ujao jua linapatwa. Hapa kwetu litamegwa tu, kama mkate ulioumwa na mtoto. Lakini huku," akaburuta kidole mpaka mji mmoja wa mbali, safari ya saa kumi na moja, "huku linazibwa lote. Saa tisa kasoro dakika kumi mchana, giza! Dakika tatu nzima. Nyota zinatoka!"

"Mchana, Mama mdogo?" Maswali alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Mchana kweupe, mwanangu."

Mwanangu. Fundi alilisikia neno hilo likimchoma kama sindano iliyopita kwenye kidole. Lilikuwa neno la kawaida, mama mdogo ni mama, nani asiyejua? Lakini siku ile lilimchoma.

"Twende wote watatu, dada. Viti nimeshavishika. Namba tano, sita na saba."

Fundi akatema pini. "Mimi na magauni ya watu haya niyaache wapi? Jua ni hilo hilo ninaloanikia nguo. Nendeni nyinyi mabingwa."

Alisema vile akitaka kubembelezwa. Angebembelezwa mara mbili tu, angekubali. Lakini mdogo wake alikuwa na mazoea ya kazi yake. Abiria akisema haendi, hasukumwi, anafutwa. Akachomoa kalamu sikioni, akapiga mstari juu ya namba saba aliyokuwa ameiandika pembeni mwa ramani, akaendelea kueleza.

Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikawa ni safari. Maswali alinunua daftari, akaandika kila kituo ambacho basi litasimama. Akapanga nguo, akazipangua. Mezani ilikuwa ni "Mama mdogo kasema" asubuhi na jioni. Mama mdogo kasema tukae upande wa kushoto, kulia kuna jua. Mama mdogo kasema kuku watadhani usiku umeingia.

"Na Mama mdogo kasema uoshe vyombo?" aliuliza Fundi.

"Hapana, Mama."

"Basi mimi ndiye nimesema. Nenda."

Mteja mmoja, mwenye mdomo mwepesi, alikuja kupimwa kiuno siku Maswali anapita uani akiimba. "Hee, Fundi, huyu mtoto ni mdogo wako mtupu. Mpaka mwendo! Wewe umemzalia tu." Akacheka. Fundi naye akacheka. Ila sketi ya yule mama ilikuja kukatwa pungufu inchi mbili, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kisha Mama mdogo akaleta miwani ya kutazamia jua, ya karatasi ngumu, vioo vyake vyeusi tititi. Akamfundisha Maswali mazoezi, ili siku yenyewe asibabaike. Unaivaa kwanza ukiwa umeinama, ndipo unainua uso. Unahesabu mpaka kumi, unainama tena, ndipo unaivua. Kisha unachora ulichokiona. Kila siku saa sita mchana, mara moja tu. Maswali akaibusu ile karatasi. Akaibusu!

Fundi hakula vizuri siku hiyo. Alipobaki peke yake akafungua sanduku, akatoa picha ya eksirei ya bega lake, ya mwaka ule alioanguka ngazini. Alishawahi kusikia watu wakisema eksirei inafaa kutazamia jua. Akachukua mkasi wake mzuri, ule ambao hata Maswali haruhusiwi kukatia karatasi, akakata vioo viwili, kila kimoja akakifanya tabaka mbili. Fremu akaitengeneza kwa kitambaa kigumu cha kola, akaivisha mahameli ya buluu, ukingoni akatia kamba ya mpira isiyoumiza masikio. Ilikuwa kama miwani ya duka kubwa. Akaijaribu dirishani mara moja, kufumba na kufumbua. Jua likawa kama kifungo cha kahawia, wala halikumuumiza. Akaridhika.

Wewe unayesoma, mwenye mtoto, simama hapa kidogo. Halikumuumiza. Kumbuka neno hilo.

"Hii nimekushonea mimi," alimwambia binti. "Hii tazama utakavyo. Hakuna cha kuhesabu kumi kama mtu anayenyimwa. Si nzuri kuliko ile ya karatasi?"

Mtoto ambaye huuliza mpaka kwa nini maji yamelowa, siku hiyo hakuuliza kitu. Alimtazama mama yake usoni, akaona kinachotakiwa.

"Nzuri, Mama."

"Basi usimwambie Mama mdogo. Iwe yetu sisi wawili."

Siku nne Maswali alikaa kwenye ngazi ya mlangoni saa sita, miwani ya mahameli usoni, akihesabu mpaka mia tatu kwa sauti ili mama yake asikie. Na Fundi kule ndani alikanyaga cherehani akitabasamu.

Siku ya tano mtoto aliinama juu ya ramani, akasogeza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje.

"Mama, ule mji haupo."

"Haupo vipi?"

"Nikiutazama haupo. Nikitazama pembeni, upo."

Ukurasa wa daftari ulikuwa hivyo hivyo. Kila neno aliloliangalia lilikuwa na doa juu yake. Hata uso wa mama yake. Fundi akaiacha sindano ndani ya nguo, akamshika mkono, wakatoka. Miwani ya mahameli aliitupia ndani ya mkoba, chini kabisa, isije ikaonekana.

Mama mdogo aliwakuta kwa daktari wa macho na sare yake ya kazini, kalamu bado sikioni. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alimulika macho kwa muda mrefu, kisha akauliza mtoto alitazama jua kwa kitu gani.

"Miwani," alisema Maswali.

"Miwani gani?"

"Ya karatasi."

Mama mdogo akakaa chini palepale, kwenye sakafu. "Ni mimi. Jamani, ni mimi! Kumbe wameniuzia bandia. Dada, nimekuharibia mtoto."

Na Fundi, Mungu amsamehe, alisikia raha. Ilikuwa ndogo tu, kama ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mdogo wake mwenye majibu yote yuko sakafuni, na binti amemchagua mama yake. Alichokitaka mwezi mzima kilikuwa mkononi. Alihitaji kunyamaza tu.

Akamgeukia binti ili amkumbatie. Maswali akageuza uso kumtafuta, akatazama sikio la mama yake, kisha bega, ili amwone.

Fundi akafungua mkoba.

"Amedanganya," alisema. "Ananilinda mimi. Alitumia hii. Nilimwambia atazame atakavyo."

Daktari akaiinua kwenye taa. Vipande vya mfupa wa bega vikaonekana ndani ya ile buluu nzuri.

"Mama, hii inapunguza ukali tu. Mtoto haumii, kwa hiyo hafumbi, na jua linaendelea kuchoma huko nyuma ya jicho. Huko nyuma hakuna maumivu hata kidogo. Wanakuja wakiwa wameshachelewa."

"Atapona?"

"Wengine huona vizuri baada ya miezi. Wengine doa hubaki. Tutampima tena. Na safari hakuna, jua asilitazame kwa kitu chochote."

Nje, Mama mdogo alimshika mtoto mkono mpaka barabarani. Kisha akasema, "Dada, ungesema tu kwamba unataka kuja."

"Ulinifuta."

"Kwa kalamu, dada! Ningekuandika tena."



Mama mdogo alitaka kurudisha tiketi, Maswali ndiye aliyekataa. "Wewe nenda. Lazima mmoja wetu aone." Akaenda peke yake.

Siku yenyewe Fundi alifunga mapazia, akaketi kitandani na binti. Ilipokaribia saa tisa kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Linaisha, mwanangu, limebaki kama ukucha! Watu wanapiga kelele, unasikia? Sasa... sasa! Giza!"

"Pembeni pana rangi gani?" Maswali alikuwa amepiga magoti. "Nyota ngapi? Kuku wanafanya nini?" Akacheka kicheko ambacho Fundi alikuwa hajakisikia tangu siku ile ya ramani.

Na wivu ukamng'ata palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Haukuwa umekwenda popote. Kati ya maswali yote yale hakuna hata moja ambalo angeweza kulijibu.

"Mama, nishikie simu, nataka kuchora."

Akaishika. Akaibana kwenye sikio la mtoto, sauti ya mdogo wake ikimwagika mle ndani, mkono ukaanza kufa ganzi, asiubadilishe. Maswali aliinamisha kichwa upande ili aione karatasi, akaanza kuzungusha penseli.