Ndege ya Manjano

"Ndege ya kuchezea, Bi Jaha? Na marehemu hata arubaini yake haijasomwa?"

Aliyeniuliza ni Mahfudha, jirani yangu hapa Barani, mwanzo wa mwaka wa themanini na saba. Nilimjibu kuwa ule si mchezo, ni ahadi. Mume wangu Mahadhi, Mungu amrehemu, alikuwa mpakia mizigo kiwanja cha ndege, na binti yetu Hafidha ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Akishampa hukaa kando ya seng'enge akitazama ndege zikiruka, mpaka babake amfukuze. Basi akamwahidi: ukifaulu mtihani, nitakununulia ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, kama zile za Wazungu. Hafidha alifaulu. Matokeo yalitoka siku ya tisa baada ya maziko.

Pesa nilikuwa nazo, shilingi elfu moja na mia mbili za kofia nilizodarizi miaka miwili. Na ndege zilipatikana. Mtaliano mmoja alikuwa akihama, anauza zake mbili, na mpishi wake Kaingu, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akampeleka Hafidha kuzitazama.

Alirudi macho yanang'aa. "Ya manjano, mama. Kuukuu, lakini mbawa zake ziko juu ya mgongo. Inakwenda polepole, na ukikosea, ukiachia mkono, inajinyoosha yenyewe. Mzungu kasema anayeanza aanze na hiyo. Mia nane tu! Itabaki ya mafuta, gundi na pangaboi la akiba."

"Na ya pili?"

"Nyekundu. Nzuri, lakini ina mbio. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kujua."

Mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki. Kumtuma msichana peke yake na pesa nyumbani kwa mwanamume wa kigeni niliona haya. Nikamwita Gharib, ndugu wa marehemu. Alikaa sebuleni, nami nyuma ya pazia, nikampenyezea pesa zote, za ndege na za mafuta.

"Shemeji, ni ile ya manjano. Mbawa juu."

"Nimesikia, Bi Jaha. Ya manjano."

Alasiri akarudi. Kwenye upenyo wa pazia niliona wekundu kabla hajakaa.

"Mzungu alitaka elfu na mia tano," akasema, "nimemkaba mpaka elfu na mia mbili! Ile nyingine, wallahi, ni kama kuku anayeatamia. Mtoto wa Mahadhi apite nayo mbele za watu?"

Hafidha alisimama kando ya mlango. Hakumtazama ami yake. Alitazama pazia.

Mimi nikasema, "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe."

Jumamosi Gharib na Hafidha wakaenda kiwanja cha mpira, na Kaingu akawapa chupa ya mafuta bure. Yaliyotokea nilihadithiwa na Mahfudha. Wanaume wa baraza walikuja kutazama. Hafidha alinyoosha mkono kupokea kile kisanduku cha kuongozea, na Gharib akamwambia, "Ngoja kwanza, hii si sindano ya kofia." Akakishika yeye. Ndege ikapanda kama iliyofukuzwa, ikalala ubavu, ikapinduka, ikaja kupiga jiwe la matumbawe. Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hafidha aliokota vipande ndani ya kanga.

Gharib alikuja jioni ile, akakaa palepale.

"Mashine mbovu, Bi Jaha. Mzungu ametudanganya."

"Na ile ya manjano?"

"Kaichukua mwalimu mmoja wa bara, Phineas. Amepewa kwa mia saba."

 Akasubiri nimwambie si neno, kama tunavyoambiana. Mwisho nikamwambia. "Si neno, shemeji. Ndivyo Mungu alivyopanga." Akashukuru, akaenda zake kuswali.

Hafidha alikuwa chumbani nami, vile vipande mapajani. Hakulia. Mimi ningependa alie.

"Mama, ulimwambia ya manjano?"

"Nilimwambia. Wewe mwenyewe ulisikia."

"Alipoleta nyekundu Mzungu alikuwa hajahama. Ingerudishwa siku ileile. Ukamwambia nini?"

"Ni ami yako, Hafidha. Ndiye aliyesimama badala ya baba."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ahsante."

"Na leo?"

  Nikasema, "Mwanangu, heshima..."

Aliviweka vile vipande juu ya mkeka, kimoja kimoja. Akatwaa buibui lake ukutani, akainua pazia, akatoka nje.