Kofi la Skrini

Kwa miaka kumi na mmoja, skrini ikichafuka katika ofisi ya ghala la dawa, aliyeitwa alikuwa mtu mmoja tu. Karani kafungua faili lisilo la maandishi, lile dirisha jeusi la kuandikia amri limejaa alama za ajabu ajabu, anabonyeza na haoni anachoandika. Basi Fundi Kofi alifika bila haraka, akamsogeza karani kwa kiwiko, akaipiga skrini kofi moja la ubavuni, na papo hapo kila kitu kikatulia. Jina alilipata hapo.

Kofi lenyewe lilikuwa geresha. Mkono wa kulia ukipiga, wa kushoto uliandika kimyakimya neno moja, reset, yaani amri ya kuirudisha skrini katika hali yake, kisha enta. Herufi hazikuonekana, lakini mashine ilizipokea vilevile. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe. Na tuseme ukweli, alikuwa na sababu: ukimnyang'anya lile neno, alibaki mtu wa kubadilisha wino wa printa.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto wawili, ambaye Fundi Kofi mwenyewe alimwombea kazi ya ufundi hapohapo. Wiki ya pili tu, shemeji, aliyelijua neno lile tangu chuoni, aliliandika kwenye karatasi kwa kalamu nene na kulibandika ukutani juu ya kila meza: skrini ikichafuka, andika hili, hata kama huoni unachoandika. Karani wa mapokezi akajaribu, ikakubali, akacheka mpaka machozi.

"Sasa lile kofi lilikuwa la nini?" aliuliza, na ofisi nzima ikageuka kumtazama Fundi Kofi.

Tangu siku hiyo wivu haukumtoka. Aliionea wivu chai aliyopelekewa shemeji mezani, akavionea wivu hata viti ambavyo makarani walivivuta kumsogelea. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe alimsifu mdogo wake tangu sahani zinatengwa hadi zinaoshwa, akimalizia kwamba yote hayo ni matunda ya mumewe. Alidhani anamfurahisha.

Kisha ikatangazwa kwamba Alhamisi mkurugenzi, mama asiyependa maneno mengi, angekuja kutazama orodha ya dawa kwenye skrini kubwa ya ukutani, na hapo hapo angemtaja mkuu wa kitengo cha kompyuta. Wa kuonyesha alikuwa shemeji. Kwa Fundi Kofi hiyo ilikuwa kama kuambiwa afungashe.

Jumatano, wenzake walipokwenda kula, aliingia kwenye akaunti ya shemeji kwa nywila ya msimamizi, akafungua faili la mipangilio na kuongeza mstari mmoja tu, wa kuidanganya mashine kwamba skrini ile ni ya aina ya zamani kabisa. Sasa hata neno la ukutani lisingefua dafu. Alitoka akijiona mwepesi.

Alhamisi orodha ilifunguka kwa aibu. Mipaka ya jedwali iligeuka safu za q na x, herufi ambazo hata Kiswahili hakina kazi nazo, na dawa ya kifua ikalalia dawa ya macho. Shemeji akaandika neno lake; wapi. Mkurugenzi akatazama saa. Kule nyuma, Fundi Kofi alifurahi, tena sana.

Shemeji akageuka. "Shemeji, hii imenizidi. Njoo unisaidie."

Watu wakampisha kama zamani. Alipokaa, shemeji aliuchomoa waya wa skrini kubwa, akisema mkurugenzi asichoshwe na mambo ya mafundi. Fundi Kofi akafungua faili. Mkono wa kulia ukainuka kwa mazoea, ukaishia hewani, kwa maana shemeji alikuwa ameinama sikioni mwake.

"Niliuona mstari wako asubuhi," alinong'ona. "Nimekuachia uutoe mwenyewe. Dada ameniambia siku hizi hulali."

Fundi Kofi aliufuta mstari, akatoka, akaingia upya. Waya ukarudishwa, na jedwali likasimama ukutani limenyooka, kila dawa mahali pake. Mkurugenzi akasema kwa kifupi kwamba ofisi inamhitaji mtu wa kuitwa wengine wakishindwa, na kwamba mkuu wa kitengo ndiye huyo, Fundi Kofi.

Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa shemeji, tena kwa moyo mweupe, bila hata chembe ya kinyongo usoni. Fundi Kofi alimtazama, na wivu ukamshika upya, sasa wa moyo ule, mkali kuliko ule wa karatasi za ukutani. Ule wa kwanza angalau ulikuwa na faili la kwenda kulichafua.