Kibati Namba 318

Kila asubuhi saa moja, kabla hajajipikia chai, Enid Garbutt alimviringisha Tofi katika taulo, akamwacha kichwa tu nje, kisha akamtia dawa kwa bomba pembeni mwa mdomo. Tofi alikuwa kicheche wa kufugwa, mwenye manyoya ya rangi ya krimu, na pua yake ilikuwa imeziba tangu Februari. Dawa hii ilikuwa ya tatu. Akila alikoroma, akipiga chafya alianguka chali. Enid, mpishi wa shule aliyestaafu, alimsagia nyama ya kuku na kumlisha kwa kidole.

"Mnyama mwenyewe mzee," alisema dada yake Freda, aliyeishi naye nyumba moja. "Si umwache apumzike."

"Na wewe mzee. Nikuache?"

Alhamisi, daktari wa wanyama, Pickersgill, alimmulika Tofi puani, akaingiza kibano, akavuta. Kikatoka kibati cha shaba, kipana kuliko kichwa cha Tofi, kimechongwa namba 318.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamsumbua," alisema daktari akikisuuza. "Mpe dawa siku kumi zaidi, na umfukize kwa mvuke. Bado kuna vitu humo ndani."

Kijiji kizima cha Hebblewick kilivijua vibati vile. Mchimbaji alichukua chake akishuka mgodini, akakirudisha akipanda. Namba 318 ilikuwa ya baba yao.

Arnold Garbutt alitoweka miaka arobaini na saba nyuma, wiki ile njia ya chini ya mgodi ilipoporomoka. Ajali ilitokea Jumatatu. Jumanne kampuni ilitangaza kwamba watu kumi na mmoja wamekufa wote, ikaiziba njia kwa matofali. Garbutt, ilisema, hakuja kazini. Alionekana akipanda treni na mwanamke. Mama yao alikufa akiitwa mke wa mtoro. Freda, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliichoma picha ya baba yake, na tangu siku hiyo hakumtaja ila kwa kumlaani.

Enid alimfukiza Tofi bafuni, mlango umefungwa. Jumamosi Tofi akapiga chafya, ikatoka kamba ya kiatu. Jumapili ikatoka kofia ya ngozi. Enid alivifua, akavianika uani pamoja na mashuka. Jumatatu likatoka kopo la chakula, na kifuniko chake kilikuwa kimekwaruzwa maneno kwa msumari. Freda ndiye aliyesoma, maana mwandiko aliujua.

*Alhamisi. Tumebaki saba. Juzi tuliwasikia wakijenga ukuta. Tukagonga. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea.*

Freda alikaa chini palepale jikoni, akiwa na aproni yake. Alikirudisha kifuniko kwenye kopo, akakitoa tena, akasoma upya.

"Walisikia," alisema. "Enid, waliwasikia."

Baadaye sana akasema, "Nimemtukana maisha yangu yote."

Enid alimfuta Tofi kamasi.

Walilipeleka kopo ofisi ya migodi, iliyorithi mafaili ya kampuni. Karani, mtu mpole, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Vitu vilivyotoka kwa wanyama ni dirisha la pili, mama," alisema.

Kwenye dirisha la pili binti mmoja alilipima kopo, akaandika, akawarudishia. Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ofisi ilithibitisha kwamba kopo lilikuwa la Arnold Garbutt, na maandishi yalikuwa yake. Hata hivyo, kumbukumbu zinaonyesha siku ile hakuwa kazini. Ofisi ilimtakia mnyama afya njema.

Dawa ya nne ilimsaidia Tofi, si sana. Chafya zilipungua hadi mbili kwa siku. Kiatu cha kushoto kilitoka mwezi Mei, na kilipotoka kilikuwa bado na joto la mguu. Freda alikipakata mpaka kikapoa.

Julai, siku ya kumbukumbu ya ajali, kijiji kilikusanyika kwenye jiwe la ukumbusho kama kila mwaka, na kasisi akasoma majina kumi na moja. Alipomaliza, Freda akasema kwa sauti, "Arnold Garbutt."

Wanaume wakavua kofia. Kasisi alisubiri mpaka kukatulia. Kisha, ili kumbukumbu iwe sahihi, akaanza upya tangu jina la kwanza, akayasoma yote kumi na moja, akafunga kitabu.